Tekno mbele ya bamukwe

Siku ya posho (Jumamosi), usiku

Aibu gani nilipata leo mbele ya bamukwe! Muke wangu Régine aliniambiaka mara mingi: "Toa iyo nyimbo ya mashini mu telefone, siku moja itatuletea mambo."

Famili ya kijana mwenye anataka kuoa ilikuja kuomba binti yetu Odile. Bao banatoka Kasai, shiye tuko bantu ba Katanga, bantu betu baligombanaka zamani, na kila muntu alikuwa anachunga maneno yake. Baba mudogo wa kijana, mwalimu mwenye kravati, hakucheka hata kidogo. Mara telefone yangu ikalia. Ngoma ya tekno, na juu yake ile piano ya jazi inatembea sawa muntu mwenye hana haraka.

Nikataka kuizima.

"Usikate!" mwenye kravati akasema. "Iyi tuliichezaka wakati nilikuwa mwanafunzi. Miaka yote na haizeeke?"

"Haizeeke, mukubwa. Ngoma iko ya mashini, lakini piano iko na roho."

Akaomba niianzishe tena. Akafunga macho, mabega yakaanza kutembea. Régine akajaribu kuninunia, akashindwa, akacheka.

Lakini tulisikiliza, tukakunywa, na hakuna muntu alirudia kusema juu ya ndoa. Balisimama kwenda. Niliogopa kabisa kama nimeharibia mutoto wangu ndoa.

Ku mulango yule baba mudogo akanigeukia:

"Mukwe, siku ya ndoa, iyi njo tutafungulia nayo dansi."

Odile akapiga kelele kule jikoni, sahani ikaanguka.