Gari Litakalomleta Mama

Dada yangu Esperansi,

Shikamoo dada. Mmeamkaje huko Butihinda, na nyonga ya mama inasemaje? Huku Gitega mi ni mzima, biashara ya mabati inasogea, ila mvua imetuachia matope mtaa mzima wa Magarama. Simu yako haipatikani tangu Jumamosi, ndiyo maana nimempa barua hii dereva wa lori anayekuja Muyinga leo.

Uliniambia mama hapandi tena gari langu, hata aitwe na daktari mkuu. Dada, nilikasirika! Gari la Kijerumani, la mbio, watu wanageuza shingo barabarani, halafu yeye analiita mashine ya kusaga. Lakini daktari wa huku Gitega anamtaka Alhamisi. Amesema wazi kwamba nyonga ile ikiachwa hivyo, mama hatatembea tena.

Unamkumbuka Baraka, yule Mkongo wa Uvira anayeuza vitenge mkabala na duka langu. Yeye ana gari la Kiingereza. Mwaka mzima tunabishana, na kwa uhaba huu wa mafuta tunabishana magari yakiwa yamesimama, tunayaosha tu na kuyatazama. Langu ukilikanyaga linaruka, na kona za milimani linazishika kama limebandikwa. Lake ni zito, linabugia mafuta, na likitaka kipuri unasubiri mpaka kitoke Dar. Hayo nayasema na siyafuti. Ila lake limekalia mifuko ya upepo badala ya springi. Kwenye mashimo ambayo langu linakugongesha kichwa juu, lake linapita kimya. Kwa mifupa ya mama, Baraka ameshinda. Imeniuma kuandika hivyo!

Basi jana nikaenda kuliomba. Kwetu huendi kuomba jambo kubwa mikono mitupu, kwa hiyo nikabeba kreti la bia, nikavaa koti, nikamchukua na jirani yangu mmoja anisemee kwa maneno ya heshima. Nikasahau kabisa kwamba Baraka ameokoka tangu Pasaka. Tunaingia, mchungaji wake huyo hapo kwenye kochi, Biblia mapajani! Na msemaji wangu ameshaanza: "Wenye nyumba, tumekuja na kinywaji..." Mungu wangu, nilitamani ardhi ipasuke. Mke wa Baraka akalifunika kreti kwa kitenge, akacheka mpaka akakaa chini.

Baraka hakucheka. Nikaacha maneno ya heshima, nikamwambia, "Baraka, kwa mgonjwa gari lako linalishinda langu. Niazime nimlete mama." Nilijua atanitangaza mtaa mzima. Badala yake akasema:

"Funguo sikupe. Iko mafuta niliweka ya kwenda Bujumbura, ile safari itangoja. Mi nilinunua hii motoka mama yangu ashakufa kule kambi ya wakimbizi. Hakuna mama alishaikalia. Acha nimulete mi mwenyewe."

Dada, nililia, mchungaji ananitazama.

Kwa hiyo Jumatano asubuhi tutakuwa hapo, yeye kwenye usukani, mi nyuma. Mfungie mama nguo za siku kadhaa na ile shuka yake nzito. Akikataa, mwambie si gari langu, atatulia. Nisalimie shemeji na watoto, na yule mama mkwe wako anayenidai ziara, mwambie ataniona sasa. Mzee wetu wa kanisa naye asiache kumwombea mama.

Jambo moja tu nakuomba, dada. Mama akija, msimlaze kiti cha nyuma kama mgonjwa. Mkalisheni mbele, karibu na Baraka. Na Baraka akimwita "mama", mama aitike.

Ni mimi mdogo wako,
Nestori, Gitega