Sumaku haijui moto

Jumanne, baada ya Isha

Sumaku haikushika. Hilo ndilo nililomwambia Mwalimu Elia tulipokuwa tunachagua mabomba ya kutolea moshi ya kile kindege anachokiunda uani kwake. Yeye alitaka tuagize stenlesi ya 321, inayovumilia moto mkali. Mie nikacheka.

"Mwalimu, sumaku ikikataa, hiyo ni stenlesi. Unataka nini tena?"

Huku Keko ndivyo tunavyopima, na stenlesi ya kawaida ya hapa ndiyo niliyomtengenezea. Mageti yangu na reli za ngazi, hakuna kilichowahi kurudi. Lakini geti haliungui.

Leo kakifunga kindege kwenye nguzo, akawasha injini. Ilipopata moto sawasawa, bomba moja likapasuka, pembeni tu ya pale nilipochomelea. Alhamdulillahi limepasuka kindege kikiwa bado ardhini.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Alisema tu, "Fundi, lichomelee tena, Jumamosi niruke."

Nikamwambia hapana, yote manne yanatoka, tunaagiza ile uliyoitaka mwenyewe.

"Kumbe sumaku imeshika leo," akanitania. Kisha akavua miwani akaipangusa, muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Macho yake yanafifia. Daktari alishamwambia. Stenlesi hiyo ikiagizwa haifiki kabla ya mvua; zikianza, kile kiwanja cha nyasi cha kurukia hakifai, na zikiisha, sijui atakuwa anaona kiasi gani. Nilijua yote hayo siku ile, na bado nilicheka.

Nimemwombea macho yake. Mabomba nitayatengeneza upya. Huo muda wake nilioupoteza, sijui niuchomelee wapi.