Mtu wa Kupigiwa

Mwenzangu, upo? Sijui niuweke wapi uso wangu.

Nimetoka kwenye intavyuu sasa hivi, ya yale mafunzo kazini yenye posho kwa wanafunzi tusio na uwezo. Nimekaa ngazini.

Kila kitu kilienda vizuri! Mpaka yule mama mratibu akafika pale penye "mtu wa karibu wa kupigiwa ukipata dharura".

Akasema, "Namba huwa tunazihakiki hapa hapa." Akapiga.

Ikaita kwenye mkoba wangu.

Kwenye mkoba WANGU, jamani! Nilijaza namba yangu mwenyewe. Tangu mama afariki najaza hivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kupiga.

Simu inaita tu. Nami kwa kuchanganyikiwa nikaipokea: "Haloo?"

Tumetenganishwa na meza tu, lakini akanijibu humo humo kwenye simu, taratibu: "Mwanangu, nafasi umepata. Ila huna mtu mwingine?"

Nimepewa fomu mpya. Nimejaza yote, mstari ule bado uko wazi.

Najua hatujaongea tangu uhame. Naomba nikuandike wewe.

Wakipiga, pokea tu.