Mzigo Wako Bado Uko Mutukula

Mpendwa Baba Kemi, mume wangu msumbufu,

Nianze na habari unayoitaka wewe, maana nakujua: mzigo haujatoka. Televisheni, taa za sola, redio, vyote vimefungiwa ghalani mpakani Mutukula, na mimi ndiye niliyefanya visitoke. Usinikunjie uso kabla hujanisikiliza. Ulikuwa na tabia hiyo, mtu hajamaliza kusema wewe umeshachukua bisibisi na kuanza kufungua kitu mezani. Basi iweke chini.

Nakuandikia nikiwa hapa dukani Nshamba. Rafu za nyuma zimebaki nyaya na betri. Wateja wakiingia wanaongea kwa sauti ya chini kana kwamba wako sakristia, wakati duka lako lilikuwa na redio zinazogombana kutwa nzima, moja inasoma habari, nyingine inapiga kwaya. Asubuhi huwa naziwasha zote nipate ule ugomvi. Baada ya muda nazizima.

Unakumbuka uliponipeleka Kampala mara ya kwanza kuchagua vitu? Nilikuwa najua kuchambua kahawa tu, wewe ukanipa chaja mkononi, halafu ukanipa nyingine. "Ipi nzito?" ukaniuliza. Nikakuonyesha. "Hiyo ina shaba ndani. Hiyo nyingine wamekuuzia hewa." Yule muuzaji alikasirika, wewe ukacheka. Kitu kisicho na cheti cha ubora hukukigusa hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Ulisema huwezi kumuuzia redio mbovu mtu ambaye Jumapili mtapeana amani kanisani. Na mpakani ulikuwa unakwenda umevaa shati lililopigwa pasi, kama mtu anayekwenda kubatiza mtoto. Nilikutania sana. Ulinijibu kwamba forodhani hutaki kutokwa jasho.

Ndiyo maana nimeshindwa kuelewa ulichofanya safari hii. Nitafika huko.

Ulirudi kutoka Kampala umelitangulia lori. Ulisema kichwa kinauma. Nikakwambia nenda hospitali wakupime presha, ukasema utakwenda ukishatoa mzigo. Mzigo, mzigo. Ulianguka hapa hapa nyuma ya kaunta, chai yako ikiwa haijapoa. Nilikuwa nimekasirika na wewe siku hiyo, na bado nimekasirika.

Ndugu zako walikuzika kibanjani kwetu Buganguzi, upande wa mikahawa ya baba yako, karibu kabisa na kile kichuguu. Hakuna aliyefikiria lolote. Lakini wewe unajua kuna nini pale. Nyumba yetu yote haina mtandao, ila ukipanda kichuguu kile simu inaamka. Pale ndipo nilipokuwa nasimama, mwiko mkononi, kukuuliza kama utakuja kula au nifunike chakula. Na pale, kwenye mkahawa ulio jirani, ndipo tulipokuwa tunatundika simu ndani ya mfuko wa plastiki ili ipokee ujumbe. Siku za msiba nikaitundika yako, kwa sababu watu walikuwa wanapiga kutoa pole.

Waombolezaji walipoondoka, nikiwa nafagia majani, nikasikia jogoo anawika kaburini kwako. Ule mlio wako wa simu, Baba Kemi, ule niliokukataza. Niliweka fagio chini. Nilipokwenda kuitungua, kulikuwa na ujumbe: Ndugu Projestus, mzigo wako umefika mpakani, tafadhali thibitisha.

Wakala wetu wa forodha, Deus wa Bukoba, akapiga simu siku ileile. "Shemeji, pole sana," akasema. "Lakini nikueleze ukweli. Ukipeleka cheti cha kifo sasa hivi, akaunti ya kaka ya forodha inafungwa mpaka mirathi iishe. Mzigo utaota uyoga."

"Kwa hiyo tufanyeje?"

"Kwenye mfumo bado yuko hai. Tumwache hai kidogo tu, mzigo utoke, halafu wewe utangaze kifo."

Kaka yako Rwiza alikuwa ameshasema mbele ya ukoo kwamba mpaka omusika akalishwe kwenye kiti chako, mrithi ajulikane, kazi yako isiguswe na mtu. Niliitikia kwa heshima zote, "Ndiyo, waitu." Kisha nikapanda kichuguu, nikamsomea Deus namba ya kuthibitisha iliyotumwa kwenye simu yako. Uliidhinisha hati za mzigo ukiwa chini ya udongo ambao haujashika hata nyasi. Kesho yake ukaidhinisha tena.

Muuzaji wa Kampala hakuwa na habari za msiba. Aliandika kuuliza kama lori limefika. Nilitaka kumwambia, nikajikuta namjibu kama wewe: "Poa mkubwa, Mungu ni mwema." Akaridhika. Akatuma na salamu kwa mama watoto, yaani mimi. Nikazipokea.

Yule rafiki yako fundi wa Bukoba, aliyebeba jeneza lako begani, akakuona uko hewani. Aliandika jina lako tu, "Projestus?" Nikauona ujumbe unaingia, na yeye akaona kwamba umesomwa. Hakuandika tena. Jumapili, kanisani, wanawake wawili wakanisogelea wakaniuliza kama simu ya marehemu iko salama, maana watu wanasema inatumika. Nikawaambia ni Kemi anaichezea. Kemi, masikini, yuko shule ya bweni, hata hajui neno la siri.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hili sijamwambia mtu.

Mchana mmoja, nikiwa pale kichuguuni, nilikuandikia kwa simu yangu: "Umekula?" Nilitaka tu kuona neno hilo likienda kwako. Jogoo akawika kwenye mkono wangu mwingine. Nikafungua, nikajibu kwa niaba yako: "Bado. Nakusubiri." Nikakaa na simu zote mbili mapajani, kaburi lako liko mbele yangu, na nikajisikia vizuri kabisa. Sikuogopa. Hilo ndilo linaloniogopesha sasa.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Nilikueleza bei ya kahawa, ukalalamika. Nilikueleza kwamba paa la jikoni linavuja, ukasema utaleta bati. Ulinitania kuhusu chumvi. Nikaanza hata kukuficha mambo, nisikusumbue. Nilikuwa napika, nakula haraka, naondoka kwenda kichuguuni, na jirani akiniita najifanya sisikii. Siku moja nikafungua simu yangu nikakuta umeniandikia, "Lala mapema leo, umechoka." Baba Kemi, sikumbuki kuliandika hilo. Najua ni kidole changu, hakuna mwingine. Lakini nimekaa nikijitafuta siku nzima ile, nilikuwa wapi, nilishika simu saa ngapi, na sikumbuki.

Ndipo ukaja ujumbe kwamba mzigo utakaguliwa kwa mikono. Mashine imeona kitu. Nikalala Bukoba kwa dada yangu, alfajiri nikaondoka na Deus kwenda Mutukula. Njiani, kwa simu yako, nikathibitisha ukaguzi. Deus alinifundisha la kusema: mume wangu amesafiri, mimi nimekuja kumwakilisha. Nilivaa gauni lililopigwa pasi.

Ofisa aliyetupokea ni mama wa makamo, mwenye miwani, anayeongea taratibu. Alikuwa anakufahamu. Akamwambia kijana wa ghala afungue boksi la televisheni ile kubwa. Katikati ya povu la kufungashia, pembeni ya kioo, kulikuwa na kitenge kipya kimeviringishwa. Ndani ya kitenge, redio mbili za mkononi, zile walinzi wanazotumia kuitana. Moja umeibandika karatasi, ukaandika DUKANI. Nyingine, NYUMBANI.

Ulikuwa umeniambia, si mara moja, "Nitakushusha kwenye kichuguu hicho, utaniita ukiwa jikoni." Nilidhani ni maneno yako ya kila siku. Kama zingeweza kufika kutoka Nshamba mpaka Buganguzi, na milima ile yote, Mungu ndiye ajuaye. Wewe mwenye shati la pasi, mtu wa vyeti, ukaficha kitu kwenye boksi kwa sababu yangu. Ulitaka kunishtukiza? Au ulijua kibali kinachukua muda, na ulikuwa na haraka? Kichwa kilikuwa kimeanza kuuma tayari? Nimejiuliza hayo mpaka nimechoka.

"Hizi zinahitaji kibali cha mawasiliano," yule mama akasema. "Na hazimo kwenye hati. Projestus hajawahi kufanya hivi. Aje mwenyewe anieleze."

"Amesafiri, mheshimiwa," Deus akadakia.

"Amesafiri lakini asubuhi hii ameidhinisha ukaguzi. Simu anayo. Ngoja nimpigie."

Nilitaka kumwambia asipige. Akabonyeza namba, akaweka simu sikioni, na jogoo akawika ndani ya mkoba wangu. Kijana wa ghala akacheka, halafu akaacha. Aliwika, akawika. Deus akanikanyaga mguu. Niliitoa simu, nikaona jina la ofisi ya forodha, nikapokea, kwa sababu nisingeweza kuvumilia iwike tena.

"Haloo," yule mama akasema. Sauti yake niliisikia mara mbili, hewani na sikioni. "Naongea na Projestus?"

Ningeweza kusema neno lolote. Nilikuwa nimekujibia wiki nzima na zaidi, nilijua sauti yako ingesema nini. Nilimtazama usoni.

"Hapana," nikasema kwenye simu. "Ni mke wake. Projestus amefariki."

Unajua sikuwahi kulisema neno hilo? Msibani lilisemwa na wengine. Kwa padri nilisema umetutoka. Kwa Kemi nilisema baba amepumzika, na mtoto akaniuliza amepumzika vipi, nikamkumbatia ili asiulize tena. Neno lenyewe nilikuja kulisemea Mutukula, katikati ya maboksi, kwa mtu aliyesimama umbali wa meza moja.

Hakukata simu. Tulibaki hivyo, kila mmoja na simu sikioni, tunatazamana. "Lini?" akaniuliza, kwa simu. Nikamwambia, kwa simu. "Pole, mama," akasema. Ndipo nikalia, kilio ambacho watu wa Buganguzi walikisubiri kaburini wakakikosa.

Alinikalisha, akanieleza pole pole kama anamweleza mtoto. Akaunti yako lazima ifungwe leo. Mzigo utakaa ghalani mpaka mahakama ya Muleba iniandikie mirathi. Nikichelewa, unaweza kupigwa mnada. Zile redio mbili zitazuiliwa, na baadaye zitaharibiwa kwa mujibu wa sheria. Nikamwomba kitu kimoja, niziwashe mara moja tu, nisikie zinavyosema.

"Siwezi, mama. Kuziwasha bila kibali ndilo kosa lenyewe."

Aliniachia niishike ile ya nyumbani. Nikabonyeza kitufe cha kuongelea, kikiwa hakina umeme, nikakiachia. Nikamrudishia. Kitenge akanipa, akasema hicho hakina shida, nilipie ushuru wake nikienda. Kumbe naye alikuwa anatania. Nilicheka huku kamasi zinanitoka.

Tulirudi Bukoba. Aliponishusha stendi alisema, "Shemeji, ungevumilia dakika tano tu." Labda. Dakika tano hizo ningetoka na televisheni zote, na ningerudi kukaa kichuguuni na simu mbili, na sijui kama ningeshuka. Duka likifa nitalilia, Baba Kemi, nimelijenga na mimi. Lakini nimekuona ulivyokuwa unanifanya, au nilivyokuwa nakufanya, na nimeogopa. Rwiza nitamwambia mwenyewe, Jumamosi, ukoo ukikaa kumweka omusika. Atanisema, na atakuwa na haki.

Nikwambie jambo la mwisho. Nikiwa kwenye gari ya kurudi Muleba, nilikuandikia kwa simu yangu, nikakueleza yote haya kwa kifupi. Ni mazoea. Jogoo akawika mkobani, abiria wakageuka. Sikuifungua. Ujumbe huo haujasomwa mpaka sasa. Kesho napeleka cheti cha kifo mahakamani, na laini yako nitaifunga. Mtu wako wa Kampala nimemwandikia kwa jina langu, na fundi wako nimemwomba radhi.

Kwa hiyo nimechukua karatasi, kama tulivyokuwa tunaandikiana ulipokuwa unajifunza ufundi Bukoba na mimi nakusubiri kwa mama yangu. Nimekuuliza maswali mengi humu: kwa nini ulizificha, kama kichwa kilikuwa kinauma tangu Kampala, na nani aliniambia nilale mapema.

Ujijibie mwenyewe. Mimi sikujibii tena.

Mkeo,
Mama Kemi