Boliti Nne Nyuma ya Mashine

Jumapili. Wingu zito limekalia milima tangu asubuhi, na ziwa limetulia mno. Siupendi utulivu wa aina hii.

Mashine ya kufulia imefika. Nimeinunua kwa ajili ya Mama, wala si kwa sababu ya nguo. Tangu ardhi ilipotutikisa, Mama analala kwenye kibanda cha mbao uani, akisema mbao zikianguka haziui. Baridi ya huko imempa kikohozi kinachonitisha. Wiki hii hatimaye alikubali kurudi ndani, eti haiwezekani mashine ilale pazuri kuliko yeye.

Maelekezo yalisema izungushwe tupu kwanza, kwa maji ya moto. Nikafanya hivyo. Ukurasa wa mwanzo niliuruka, kwa haraka zangu.

Ilipofika hatua ya kukamua, nyumba ikatetemeka. Vikombe vikagongana kabatini. Mama akatoka mbio, peku, mkoba wake wa vitambulisho kifuani. Na mimi nikamfuata!

Nje majirani walikuwa wakimenya viazi kwa amani. Hapo nikaelewa kwamba haikuwa ardhi, ilikuwa mashine.

Nyuma ya mashine kuna boliti nne zinazoshikilia pipa lisiyumbe safarini. Zisipotolewa, ulisema ule ukurasa nilioruka, mashine nzima inarukaruka. Nilizifungua kwa spana, nikampelekea Mama azishike mwenyewe.

"Mi sirudi mule," akasema. "Ile nyumba iko natetemeka."

Nilimbembeleza kama mtoto, mpaka nikaona aibu.

Mara ya pili ilizunguka kimya. Mama aliingia, akaweka kiganja juu yake, akasimama hivyo mpaka ikamaliza. Nikachomoa plagi ili nipanguse maji yaliyomwagika nyuma.

Vikombe vikagongana tena, taratibu.

Mama hakuondoa kiganja. Alicheka, kicheko ambacho sijakisikia kwa muda mrefu. "Bon, iko natetemeka kidogo tu. Mashini yako nimeshaizoea."

Plagi ilikuwa mkononi mwangu.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Ni mashine."

Jioni hii amejilaza ndani, kwenye kitanda chake, na hakohoi. Mkoba ameufungia kabatini kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nimefurahi, na ninaogopa.

Nimeutoa mkoba kabatini bila yeye kujua. Nimeuweka mlangoni, pamoja na viatu vyake.

Kesho nimwambie haikuwa mashine, au nimwache aendelee kulala ndani?