Kufuli Nililoweka Mimi

Alhamisi, 12 Juni. Molo. Asubuhi ukungu mzito, nyasi zimekuwa nyeupe kwa baridi.

Nimeamka na maneno ya meneja kichwani. Jana aliniita kando akasema Mama Chebet asipoongeza kasi, Jumatatu atampeleka kuosha mitungi na dawati lake lipewe mtu mwingine. Mama Chebet ameandika maziwa ya wakulima wa ushirika wetu tangu siku za vitabu. Ndiye aliyenipokea hapa nikiwa nimetoka tu Fomu Foo, kidato cha nne, akanifundisha kusoma mizani kabla sijapewa kazi ya kutunza kompyuta.

Shida yenyewe naiandika hapa tangu wiki jana. Kila siku baada ya saa moja asubuhi, kompyuta zote nne za mapokezi zinaganda. Mkulima amesimama na mtungi, karani anangoja, lori linanguruma nje. Meneja anaona foleni ya Mama Chebet ndiyo ndefu, anaamua ni vidole vyake.

Leo zilipoganda sikukimbilia kuzima na kuwasha seva. Nilifungua orodha ya kazi ambazo hifadhidata inazo mkononi. Tatu zilikuwa zinangoja, na zote zinangoja moja.

Dawati la tatu, la Mama Chebet.

Nikaenda. Kiti kitupu. Kwenye skrini ukurasa wa mkulima mmoja, Mzee Kiprono, uko wazi, sehemu ya kilo haina kitu. Mama mwenyewe alikuwa nje, amemshikia mzee punda wake huku mzee akishusha mitungi.

"Mama, mbona umefungua ukurasa na mzee hajafika kwa mizani?"

"Namshikia nafasi. Anatoka mbali, na magoti yake unayajua. Zamani nilikuwa naweka rula kwa kitabu, akifika naandika tu."

"Na wale wengine?"

"Wengine gani? Ukurasa si ni wake peke yake?"

Alivyosema ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kufuli linalozigandisha nililiweka mimi. Mwaka juzi makarani wawili walimwandika mkulima mmoja kwa wakati mmoja, kilo zake nyingine zikapotea. Nikaogopa. Nikaipa programu amri: mtu akifungua ukurasa, ushikilie huo ukurasa pamoja na jumla ya siku nzima mpaka ahifadhi. Na kila dawati linahitaji hiyo jumla kwa kila mtungi. Siku hiyo nilijiona mwerevu sana.

Mapokezi ya asubuhi yalipofungwa nilibadilisha. Sasa programu inashika ukurasa wakati wa kuhifadhi tu, kwa nukta moja, baada ya kuhakikisha hakuna mwingine aliyeugusa. Jumla inapigwa mara moja, mtungi wa mwisho ukishapita. Nikajaribu mara ishirini kwenye madawati mawili. Hakuna kilo iliyopotea.

Ningeweza kumwambia meneja mashine imepona, bila kusema ni nani aliyeiharibu. Nilikaa na wazo hilo kikombe kizima cha chai.

Halafu nikaingia ofisini kwake. "Boss, ile foleni ni kosa langu. Si vidole vya Mama Chebet."

"Kwa hivyo nikupeleke wewe kuosha mitungi?"

Sikujua kama anatania. "Ukinipeleka, sawa. Lakini yeye umwache."

"Tuone jioni," akasema.

Jioni Mama Chebet alifungua ukurasa wa Mzee Kiprono kabla punda hajafika langoni. Nikazitazama skrini nyingine. Dawati la kwanza likaendelea. La pili. La nne. Foleni ikaisha mapema kiasi kwamba dereva wa lori aliuliza kama wakulima wamegoma.

Meneja alikuwa mlangoni wakati wote. "Mathe," akamwambia Mama Chebet, "Jumatatu tuko na wewe hapo hapo."

"Kwani nilikuwa naenda wapi?" akajibu, bila kuinua macho kutoka kwa mizani.

Kumbe hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya kuosha mitungi.

Meneja akanitazama, nami nikatazama mitungi. Sidhani kuna haja ya Mama Chebet kujua.

Saa tatu na robo. Nazima taa.