Kadi ya Marehemu Method

Jumatatu, 6 Oktoba
Kisoma kadi bado hakionekani. Nimechomeka tena, nimewasha upya kompyuta yetu ya Linux. Taa yake inawaka, kompyuta inasema hakuna kitu. Bila kadi hatuwezi kutia sahihi kibali chochote cha kusafirisha ng'ombe hapa Kilosa. Kadi yangu iko Morogoro, haijatengenezwa. Iliyomo ni ya Method, karani aliyekalia kiti hiki kabla yangu. Alikufa kwa ajali, barabarani Mikumi. Hakuna aliyeichomoa. Nami siigusi.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimepata draiva, programu ya kukiendesha kisoma kadi. Nimeiweka, nimeanzisha huduma ya kadi. Taa imekuwa ya kijani. Kisha skrini ikaandika jina la Method kwa herufi kubwa, na chini yake: ingiza namba ya siri.
Najua. Draiva inasoma kilichomo, basi. Nimezima skrini hata hivyo.

Jumatano, 8 Oktoba
Amekuja Saitoti, mfugaji. Ng'ombe wake wamezuiwa Mikumi kwa kukosa kibali. Ndama wanakufa kiu. Nimempa shikamoo, ameitikia marahaba bila kuketi, akainamia skrini.
"Huyu Method ndiye mkubwa wako?"
"Ni marehemu, mzee."
"Basi mwambie aandike haraka. Yeye hana kiu."
Watu wamecheka. Mimi nimeshindwa kucheka.
Mkuu wangu, Mama Rehema, amenisogelea. "Namba ni mwaka aliozaliwa binti yake, ofisi nzima tunaijua. Weka, mwanangu, watu waende."
Nimeanza kuiandika. Kibali kingetoka kwa jina la Method, tarehe ya leo. Mtu tuliyemzika. Nimefuta. Naogopa jela. Kuna kingine naogopa zaidi, sijui nikiiteje.

Alhamisi, 9 Oktoba
Ndama mmoja amekufa. Saitoti hakunitukana. Afadhali angenitukana.
Nimeichomoa kadi. Ilikuwa na joto. La mashine, bila shaka. Nimeipeleka Chanzuru kwa mjane wake Method. Matanga hayajaanuliwa, vitu vya Method havitumiki wala havigawiwi mpaka ndugu wakae. Nimemweleza nilichoambiwa nifanye.
"Mtu amepumzika," amesema. "Mnamwita kazini?"
Ameilaza juu ya mashati ya mumewe, amefunga sanduku.
Nimempigia Mama Rehema nikiwa bado uani kwa watu, nimemwambia kadi imebaki huku. Amefoka. Halafu akasema atawapigia Morogoro mwenyewe, na wasipoileta kadi yangu ataifuata kwa miguu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Kadi yangu imekuja na basi la asubuhi. Nimechomeka. Skrini imechelewa kidogo. Limetokea jina langu. Kibali kimetoka.
Jioni Saitoti amepiga simu. Ng'ombe wanakunywa. Ameuliza kama yule mwingine ameshaondoka.
Nimemwambia ameondoka. Kisha, wenzangu wote wakiwa wamekwenda nyumbani, nimekaa pale muda bila kuthubutu kugeuka nyuma.